Nani anaona, na anaweza kumpa nani? Mwongozo kamili wa kulinda faragha yako kwenye mitandao ya kijamii

Miaka kadhaa iliyopita niliweka picha ya sherehe ya kifamilia kwenye mtandao mmoja, nikachagua ionwe na marafiki tu. Kabla ya siku kuisha, mtu nisiyemjua kabisa alikuwa ameacha maoni chini yake, tena akimtaja kwa jina mtoto aliyekuwa pichani. Nikasema basi, nimedukuliwa. Usiku ule nilibadilisha nywila mara mbili. Kumbe hakuna aliyenidukua: nilikuwa nimewatagi watu wanne, na kila mmoja wao aliingia na marafiki zake. Mtandao ulifanya kile kile ulichokieleza kwenye maelezo yake. Mimi ndiye sikuyasoma.

Tangu hapo sijiulizi tena kama akaunti yangu "nimeifunga". Najiuliza: kitu hiki kiko kwa nani sasa, na huyo anaweza kumpa nani? Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye swali hilo. Tenga kama saa mbili, kaa na simu, na kompyuta pia kama unayo, kwa sababu baadhi ya mipangilio huonekana vizuri zaidi kwenye kivinjari kuliko kwenye programu ya simu. Majina ya menyu nitayaeleza kwa maana yake, kwani kampuni huyahamisha kila mara. Kwenye mtandao wowote anzia sehemu ya mipangilio na faragha, na usipokiona unachokitafuta, tumia kisanduku cha kutafuta kilichomo humo humo.

Hatua ya 1: Andika unamficha nani, na unamficha nini

Usiguse simu kwanza. Chukua karatasi. Upande mmoja andika vitu: namba ya simu, picha za watoto, mahali unapoishi, kazi yako, imani yako, hali ya afya, mahusiano, maoni ya siasa. Upande wa pili andika watu ambao hungependa wavipate: mwajiri, mpenzi wa zamani, wanafunzi wako, matapeli, jamaa fulani mwenye mdomo, kampuni za matangazo. Kisha chora mistari kuunganisha pande hizo mbili.

Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo litakaloamua hatua zipi uzikazie. Kuifanya akaunti kuwa ya faragha hakumzuii hata kidogo mtangazaji, maana taarifa zako anazipatia kwa kampuni yenyewe. Kuzima matangazo hakumgusi mpenzi wa zamani ambaye bado yumo kwenye orodha ya wafuasi wako. Watu wengi hutumia nguvu zote kumkinga mdukuzi wa mbali, na kumbe kikulacho ki nguoni mwako: aliyepiga skrinishoti ni mtu uliyemkubalia urafiki mwenyewe.

Hatua ya 2: Funga mlango wa akaunti yenyewe

Mipangilio ya nani aone nini haina maana kama mtu mwingine anaweza kuingia kwenye akaunti akajifanya wewe. Anza na barua pepe, si na mtandao wa kijamii. Ukisahau nywila, kiungo cha kuibadilisha hutumwa kwenye barua pepe, kwa hiyo mwenye barua pepe yako ana kila kitu chako. Ipe nywila ndefu isiyotumika popote pengine.

Hilo la "popote pengine" ndilo watu hulipuuza. Mwaka 2012 LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, iliibiwa nywila. Mwanzoni ilisemekana ni takriban milioni 6.5, lakini mwaka 2016 zikajitokeza sokoni barua pepe na nywila za akaunti zaidi ya milioni 100 kutokana na wizi ule ule. Anayenunua orodha kama hiyo hana haja kubwa na LinkedIn yako. Huichukua barua pepe na nywila akazijaribu kwenye mitandao mingine yote, kwa programu, usiku mmoja. Hakuna kichwa kinachoweza kubeba nywila 40 tofauti, kwa hiyo tumia programu ya kutunza nywila, au hata daftari lililofungiwa kabatini. Daftari si aibu, ili mradi adui uliyemwandika kwenye karatasi yako si mtu wa nyumba moja nawe.

Baada ya hapo washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kudai nywila pamoja na namba ya uthibitisho. Ukiwa na uchaguzi, tumia programu ya kutoa namba za uthibitisho badala ya ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu laini ya simu inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine kwa kumlaghai au kumhonga mhudumu wa kampuni ya simu. Agosti 2019 hilo lilimkuta Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo: namba yake ilichukuliwa, na wahuni wakaandika matusi kwenye akaunti yake mwenyewe, mbele ya mamilioni ya wafuasi. Hata hivyo, ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Utakapowasha, utapewa namba za dharura. Ziandike kwenye karatasi. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ile ile.

Kwenye WhatsApp, weka PIN ya tarakimu 6 iliyo kwenye sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili, na uongeze barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akikuandikia kwa akaunti ya rafiki yako kwamba "imetumwa kwako kwa makosa". Rafiki huyo keshaporwa akaunti, na zamu sasa ni yako.

Mwisho, fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Karibu kila mtandao unayo. Utakuta simu uliyouza, kompyuta ya ofisi ya zamani, pengine na kifaa usichokitambua. Vitoe vyote, kisha uingie upya kwenye unavyotumia tu. Kwenye WhatsApp orodha hiyo inaitwa vifaa vilivyounganishwa, na hapo ndipo mtu wa karibu hujipenyeza: akishika simu yako dakika moja ikiwa wazi, anaiunganisha na kompyuta yake, na kuanzia hapo anasoma mazungumzo yako bila kukugusa tena. Sehemu hii iangalie mara nyingi kuliko zote.

Hatua ya 3: Jitazame kwa macho ya mgeni

Fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti yoyote, utafute jina lako. Kisha jina lako la mtandaoni. Kisha namba yako ya simu, ukiiweka ndani ya alama za kunukuu. Angalia na matokeo ya picha. Facebook ina kitufe cha kukuonyesha wasifu wako kama unavyoonwa na asiye rafiki, kitumie. Kwenye mitandao isiyo na kitufe hicho, mwombe mtu unayemwamini, ambaye si mfuasi wako, akupigie skrinishoti za anachokiona.

Andika kila unachokikuta. Mara nyingi kinachoshangaza si posti ya juzi. Ni picha ya zamani, orodha ya marafiki iliyo wazi, au jina la shule ya mtoto lililochapwa kwenye sare.

Kwenye Facebook jina, jinsia na picha ya jalada ya sasa huonekana na kila mtu hata ukibana mipangilio yote. Basi picha ya jalada isiwe ile ya familia mbele ya nyumba yenu.

Hatua ya 4: Chagua hadhira, na ujue inavyotanuka

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wa Facebook walilinganisha idadi ya watu ambao mtu hudhani wameona posti yake na idadi halisi iliyo kwenye kumbukumbu za mtandao, wakitumia data za watumiaji zaidi ya 200,000. Watu walikadiria hadhira yao kuwa asilimia 27 tu ya ukubwa wake wa kweli. Sababu ni kwamba tunawahesabu waliobofya alama ya kupenda na walioandika maoni. Wanaopita kimya hatuwahesabu, nao ndio wengi.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza orodha yenyewe. Pitia marafiki na wafuasi wote, ukijiuliza juu ya kila mmoja: ningempa huyu albamu yangu ya picha aende nayo nyumbani? Kama jibu ni hapana, muondoe, au muweke kwenye orodha ya wanaoona machache. Facebook ina orodha ya watu waliowekewa mipaka: mnabaki marafiki, lakini huona tu ulichoweka kwa umma. Hakuna taarifa inayotumwa kwao. Kwa shemeji au bosi ambaye huwezi kumfuta bila kuzua maneno, hiyo ndiyo dawa. Instagram inakuruhusu kumuondoa mfuasi bila kumzuia, nayo pia haimwambii.

Kisha weka hadhira ya kawaida, yaani ile ambayo posti zako zitafuata usipochagua kitu, iwe marafiki. Kagua mara mbili kila unapoposti, maana Facebook hukumbuka ulichochagua mara ya mwisho: ukiweka tangazo moja kwa umma leo, picha ya kesho inaweza kutoka kwa umma pia. Posti za zamani nazo zina kitufe chake. Kipo cha kuzigeuza zote zilizokuwa za umma ziwe za marafiki kwa mpigo mmoja. Kitufe hicho hakirudi nyuma kwa mpigo mmoja, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyejuta.

Hapa sasa ndipo niliponaswa mimi. Ukimtagi mtu kwenye posti ya marafiki, marafiki wa yule uliyemtagi wanaweza kuongezwa kwenye hadhira, kutegemea mipangilio yake yeye, si yako. Na wewe ukitagiwa, hali ni hiyo hiyo kwa upande wa pili. Fanya mambo mawili: washa ukaguzi wa tagi, ili posti iliyokutagi isikae kwenye wasifu wako kabla hujaikubali, na upunguze wanaoongezwa kwenye hadhira pale unapotagiwa. Elewa tu kwamba ukaguzi huo unalinda wasifu wako peke yake. Posti ya mwenzako inabaki kwake, na marafiki zake wanaendelea kuiona.

Maoni yana mtego wa namna hiyo hiyo. Ukiandika maoni chini ya posti ya mtu, hadhira ya maoni yako ni hadhira ya posti yake. Mwenye posti ya marafiki akiigeuza kuwa ya umma baadaye, maoni yako yanatoka nayo nje. Sheria ninayoifuata: kwenye ukuta wa mtu mwingine naandika yale tu ninayoweza kuyasema kwa kipaza sauti.

Mitandao mingine ina namna chache zaidi. Kwenye Instagram, X (zamani Twitter) na TikTok uamuzi mkubwa ni mmoja: akaunti iwe ya umma au ya faragha. Jambo linalosahaulika ni kwamba ukiifanya ya faragha leo, wafuasi waliokwisha ingia wanabaki ndani. Wachuje kwanza. Instagram ina orodha ya marafiki wa karibu, iliyoanza mwaka 2018, kwa ajili ya stori za watu wachache. Orodha hiyo ni nzuri ikibaki ndogo. Ukiijaza watu 150, inakuwa umma mwingine wenye duara la kijani. TikTok, tangu Januari 2021, huzifanya za faragha moja kwa moja akaunti za walio na umri wa miaka 13 hadi 15. Ila hilo linategemea mtoto kuandika umri wa kweli, na wengi hawauandiki. Kama una akaunti ya umma huko, zima walau ruhusa ya watu kupakua video zako. Haimzuii anayerekodi skrini, lakini inapunguza wanaozibeba na kuzisambaza kwa kubonyeza mara moja tu.

Hatua ya 5: Namba ya simu na kitabu cha anwani

Aprili 2021 taarifa za watu takriban milioni 533 wa Facebook, zikiwemo namba za simu, ziliwekwa bure mtandaoni. Hakuna seva iliyovunjwa. Kabla ya Septemba 2019 watu walikuwa wakiingiza mamilioni ya namba kwenye kipengele cha kutafuta marafiki kwa kitabu cha simu, na mtandao ukawajibu kwa uaminifu: namba hii ni ya fulani. Kipengele kilifanya kazi yake, ila kwa mikono isiyo yake.

Nenda kwenye sehemu inayouliza nani anaweza kukutafuta kwa namba ya simu na kwa barua pepe, uchague wewe mwenyewe, au marafiki ukishindwa. Fanya hivyo kwenye kila mtandao. Telegram, Instagram na TikTok zote zina kitu kama hicho. Kisha zima usawazishaji wa anwani, na ufute zilizokwisha pakiwa. Hizo si zako peke yako. Namba za fundi, daktari na shangazi zilipandishwa kwenye seva na wewe, bila wao kuulizwa.

Hatua ya 6: Picha na mahali ulipo

Picha inayopigwa na simu inaweza kubeba ndani yake tarehe, aina ya simu na mahali hasa ilipopigwa. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, aliyekuwa akijificha, alijulikana kuwa yuko Guatemala kwa sababu jarida lililomhoji liliweka mtandaoni picha ambayo viwianishi vyake, yaani namba za mahali ilipopigwa, havikufutwa. Mitandao mikubwa huondoa taarifa hizo pale picha inapoonyeshwa kwa wengine, lakini ukituma picha kama hati kwenye WhatsApp, au kwa barua pepe, zinasafiri nayo. Njia rahisi ni kuinyima programu ya kamera ruhusa ya kujua mahali. Ruhusa hiyo huihitaji mara nyingi.

Ugumu zaidi uko kwenye mazoea. Novemba 2017 Strava, programu ya wanaokimbia na kuendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya joto ya mazoezi ya watumiaji wake duniani, yaani inayong'aa zaidi pale wanapopita zaidi, bila majina. Januari 2018 watu wakagundua kwamba kwenye maeneo ya jangwa kulikuwa na mistari ya mwanga inayozunguka mahali fulani: askari wakikimbia kuzunguka kambi zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia data za simu za watu milioni 1.5, ulionyesha kwamba nukta 4 tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Jina halihitajiki. Anayelala hapa na kushinda pale ni mmoja tu.

Basi: mahali pa safari pawekwe ukishaondoka. Kwenye Snapchat washa hali ya kutoonekana kwenye ramani. Kwenye programu za mazoezi, weka eneo la faragha kuzunguka nyumba na kazini. Kwenye simu, zipe programu za kijamii eneo la kukisia badala ya eneo kamili (iPhone kuanzia iOS 14, Android kuanzia toleo la 12), na mara nyingi usizipe kabisa. Halafu tazama mandhari ya picha kabla ya kuiweka: kibao cha mtaa, namba ya gari, kitambulisho mezani, dirisha linaloakisi.

Hatua ya 7: Programu na michezo uliyoifungulia mlango

Kila ulipobonyeza "ingia kwa Facebook" au "ingia kwa Google", uliacha ufunguo mdogo mahali fulani. Hatari ya funguo hizo ilijulikana kwa dunia nzima mwaka 2018. Watu takriban 270,000 walikuwa wamejaza dodoso la haiba kupitia programu ya mtafiti Aleksandr Kogan. Kwa kanuni za Facebook za wakati ule, programu ilichukua pia data za marafiki wa waliojaza. Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, ikaishia na taarifa za hadi watu milioni 87. Julai 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Wengi wa watu hao milioni 87 hawakubonyeza chochote. Aliyewatoa ni rafiki aliyetaka kujua haiba yake.

Mlango ule wa data za marafiki ulishafungwa, lakini zoea halijafa. Fungua orodha ya programu zilizounganishwa kwenye Facebook, Instagram, X, TikTok na akaunti ya Google. Ondoa zote usizozitumia, halafu zile unazodhani ungeweza kuzihitaji siku moja. Kumbuka kwamba kuondoa ruhusa huzuia programu kuchukua zaidi. Ilichokwisha chukua kiko kwake, na kukifuta ni ombi la kumwandikia mwenye programu. Kwa waliomo Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iitwayo GDPR, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018 inampa mwenye programu mwezi mmoja kujibu. Nchi nyingine nyingi nazo zina sheria ya data binafsi, na ombi la maandishi lenye tarehe huwa na uzito hata pasipo wakili.

Hatua ya 8: Makundi na soga

WhatsApp imefunga ujumbe wote kwa usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho tangu Aprili 2016: kampuni haisomi. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ni kila simu iliyopokea. Nakala rudufu inayokwenda Google Drive au iCloud inasimbwa kwa namna hiyo ikiwa tu umewasha mwenyewe, uwezo uliokuja mwaka 2021. Iwashe, na nywila yake uitunze, maana ukiipoteza hakuna wa kukurudishia. Hata hivyo mwenzako asipowasha ya kwake, mazungumzo yenu yale yale yamelala wazi zaidi upande wa pili. Waambie walio muhimu.

Telegram inahitaji onyo lake. Soga za kawaida na makundi hukaa kwenye seva za kampuni bila usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Ni soga za siri tu, za watu wawili, zilizo nao. Ukimwandikia mtu habari ya afya yako huko kwa kudhani ni sawa na WhatsApp, umekosea.

Kwa makundi, badilisha nani anaweza kukuongeza, iwe anwani zako tu. Ukiwa msimamizi, usitupe kiungo cha mwaliko hadharani: Februari 2020 viungo vingi vya makundi ya WhatsApp vilikutwa kwenye matokeo ya utafutaji ya Google, na yeyote aliyebofya aliingia na kuona namba za wanachama. Kiweke upya kiungo kila baada ya muda, na uwashe idhini ya msimamizi kwa wanaojiunga. Ujumbe unaotoweka (saa 24, siku 7 au siku 90) hupunguza kinachobaki kwenye simu zilizopotea. Picha ya kutazamwa mara moja haizuii simu ya pili kuipiga picha skrini. Mimi nayachukulia haya mawili kama usafi, si kama ulinzi.

Matangazo nitayapitia haraka. Zima matumizi ya data kutoka tovuti na programu nyingine kwenye kituo cha akaunti cha Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, ufute historia yake. Kwenye iPhone kataa ombi la kufuatiliwa. Kwenye Android futa kitambulisho cha matangazo. Ukishafanya hivyo, kampuni bado itajua unachopenda ndani ya mtandao wake, na alama za kupenda husema mengi. Zifiche walau kwa macho ya watu.

Hatua ya 9: Data ya watu wengine iliyo mikononi mwako

Kabla ya kuweka picha yenye watu, uliza. Swali lenyewe ni fupi: "Naomba kuiweka, itaonwa na hawa." Sehemu ya pili ndiyo muhimu, mtu anaweza kukubali kundi la familia akakataa umma. Mtoto anayejua kusema hapana naye aulizwe. Kwa asiyejua, chagua picha ambayo hatakudai maelezo juu yake akifika miaka 16, na uache jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na shule.

Mwingine akikuweka wewe bila ridhaa, anza kwa ujumbe binafsi. Kuandika "ondoa!" hadharani huwaita watazamaji. Akikataa, jiondoe tagi, kisha uripoti kupitia fomu ya faragha, ambayo ni tofauti na kitufe cha kawaida cha kuripoti.

Hatua ya 10: Kikishamwagika

Kwanza piga skrinishoti zenye anwani ya ukurasa, tarehe na jina la akaunti, kabla hujamripoti mtu yeyote. Posti ikifutwa mapema, ushahidi unaondoka nayo. Kisha ripoti, kisha mzuie. Ukimzuia kwanza unaweza kupoteza njia ya kuiona posti yenyewe.

Kama ni picha za utupu, au mtu anatishia kuzisambaza, usimlipe, anayelipwa hurudi. Tumia StopNCII.org, huduma iliyoanza Desemba 2021. Picha haitoki kwenye simu yako: inatengenezwa alama ya kidijitali ya picha hiyo, na mitandao inayoshiriki huitumia kuizuia isipande. Kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 ipo Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, nayo ni bure.

Kama umeporwa akaunti, rudi hatua ya 2 kwa mpangilio huu: barua pepe, kutoa vifaa vyote, nywila, hatua mbili, programu zilizounganishwa. Wapigie simu watu wa karibu uwaambie wasitume pesa wala namba ya uthibitisho.

Na ukiamua kuondoka kabisa, pakua kwanza nakala ya data yako. Mitandao yote mikubwa ina kipengele hicho, na kuisoma nakala hiyo tu ni elimu tosha. Chagua kufuta, maana kuzima kwa muda huacha kila kitu mahali pake. Facebook, Instagram na X hukupa siku 30 za kubadili mawazo, na Facebook husema inaweza kuchukua hadi siku 90 kuondoa data kwenye seva zake. Katika siku hizo 30 toa programu kwenye simu, na usiitumie akaunti hiyo kuingilia kwenye mchezo au tovuti nyingine yoyote. Anayeingia "kuchungulia tu" siku ya 29 anaweza kuifufua.